Kilichonituliza ni bando kuisha

Saa nane usiku, Pasua, Moshi. Nimekaa kwenye zulia na mgongo umeegemea kitanda, hedifoni masikioni, macho nimefumba, kuna dada kwenye YouTube ananiambia nihisi mwili wangu unaelea juu ya maji, nyuma yake filimbi na kijito kinatiririka taratibu, na mimi kweli ndo nikawa naanza kuelea, mabega yameshuka, taya imelegea, mara PAAA! "Mkeka wako wa leo ushaujaza?" Tangazo la kubeti. Kwa sauti mara tatu ya ile filimbi. Moyo uliruka hadi nikamwamsha mke wangu, akauliza "nini tena?", nikamwambia natafuta utulivu. Akageukia ukutani.

Nilifikaje hapo. Nina kastesheneri kangu mjini, fotokopi, kuprinti, kulamineti, kuandikia watu barua za kazi. Mwaka jana nilikopa hela nikanunua mashine kubwa ya fotokopi, ya mtumba, na mashine ikafanya kazi vizuri wiki sita tu halafu ikaanza kutafuna karatasi, fundi akija anaondoka na hela, mashine inapona siku mbili, inarudia. Marejesho ya mkopo hayajui habari za mashine. Ikafika mahali nikilala nasikia moyo kwenye mto, yaani lile sikio nililolalia linapiga du du du du, nageuka upande wa pili nalo linapiga. Nikaenda kupima, presha 150 kwa 95, daktari kijana mpole tu akaniandikia dawa, akaniambia punguza chumvi, punguza mawazo.

Chumvi najua ilipo, iko kwenye kopo la kijani juu ya kabati. Mawazo yanapunguzwaje?

(Dawa nameza, niseme mapema kabisa, asije mtu akasoma hapa akaenda kutupa vidonge vyake chooni. Hii ninayoelezea ni ya kuongezea juu ya dawa.)

Ndo nikaingia huko kwenye meditesheni. Nikagundua kukaa kimya kavukavu siwezi. Dakika ya kwanza nawaza marejesho, ya pili nawaza mashine, ya tatu nawaza jinsi ambavyo siwazi pumzi. Mshkaji mmoja akanishauri niweke muziki, usaidie. Nikaona hapo sawa, muziki nauweza, nimeimba besi kwaya miaka tisa.

Shida ikawa muziki gani. Nikaanza na bongo fleva zile za taratibu, nikidhani taratibu ni taratibu. Wapi! Mwimbaji anasema kaachwa, na mimi nakumbuka aliyeniacha 2011 pale stendi na mfuko wangu wa nguo. Nikajaribu taarabu ya zamani, ile yenye fidla nyingi, nzuri mno, ila nikajikuta nachambua huyu anayepigwa kijembe ni nani na kakosa nini. Nikaweka nyimbo za kwaya. Hiyo ndo mbaya kuliko zote kwa mtu kama mimi, maana ikianza tu koo linashuka lenyewe kwenye besi, nasubiri zamu yangu ya kuingia, na wakikosea nakunja uso. Sasa hiyo ni mazoezi ya kwaya, sio meditesheni.

Kwa hiyo la kwanza nililojifunza ni maneno. Wimbo wenye maneno ya lugha unayoielewa haukuachi. Kichwa kinasoma tu, hata ukikikataza, ni kama kibao cha duka, ukipita umeshakisoma. Wapo wanaosema wao maneno yanawatuliza, sawa, labda hawajaachwa stendi.

Nikahamia kwenye ile miziki ya masaa nane, filimbi na maji. Na huko nikakutana na biashara ya hezi, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kuna video zinasema muziki huu uko 432 hezi, unaponya, huu wa 528 unatengeneza chembe za urithi, mwingine unavuta pesa. Huo wa kuvuta pesa niliusikiliza wiki nzima kwa sababu zinazoeleweka. Hakuna kitu. Ukweli wa hizo namba ni kwamba 440 ndo kiwango cha kimataifa cha sauti ya A ambacho vyombo vingi vinapangiwa, na kushusha hadi 432 ni kushusha kama theluthi moja tu ya nusu toni. Gitaa la kanisani kwetu likikaa juani linateleza zaidi ya hapo na hatujawahi kuona mtu kapona. Kama ule muziki unakutuliza, unakutuliza kwa sababu uko polepole na haukushtui, hiyo namba ni lebo ya chupa.

Ulionifaa mimi ulikuwa karibu tu. Ilimba ya Wagogo. Wengi tunaita marimba ya mkono, kaboksi ka mbao, vyuma vimepangwa juu, unavichapa na vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, aliutembeza muziki huo dunia nzima, na rekodi za ilimba zipo. Nilichukua kipande kisicho na uimbaji. Sauti yake inakwenda mduara, inazunguka inarudi ilipoanzia lakini sio vilevile kabisa, na ina kale kamlio ka kuvuma kama nyuki kwenye chupa, maana kwenye boksi huwa wanatoboa tundu na kuliziba na utando wa buibui, utando ndo unaotetema. Nikawa sifuatilii tuni, nafuatilia ule mvumo tu. Chuma kinapigwa, mvumo unabaki, unafifia, kabla haujaisha kingine kinapigwa. Hapo nilianza kukaa dakika kumi bila kuwaza fotokopi.

Sasa siku ya bando.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa nne, masika, mvua ilikuwa imetoka kunyesha ikaacha. Nimekaa kama kawaida, ilimba inazunguka, dakika kama ya nane hivi, ikakatika. Bando limeisha. Na mimi nikiwa vile, macho nimefumba, mkono kwenye goti, nikawa mvivu hata wa kukasirika, nikakaa tu nikisubiri nipate nguvu ya kunyanyua simu.

Kimya. Ila sio kimya kabisa. Bati linadondosha matone kwenye ndoo, tone, halafu kitambo, tone. Vyura kule kwenye mtaro. Mbali sana bodaboda inapandisha gia. Friji ya jirani ikazima ile ngurumo yake na ndo nikajua kumbe ilikuwa inanguruma muda wote. Na moyo, wangu mwenyewe, ule wa du du du, nikautafuta kwenye sikio sikuupata, ikabidi niweke vidole kwenye mkono wa kushoto chini ya gumba. Nikahesabu kwa saa ya ukutani. Sitini na sita. Siku zile usiku nilizoea themanini na kitu, tisini.

Sikusogea. Nadhani nilikaa dakika mbili, tatu, na niseme ukweli zilikuwa tamu kuliko zile nane za muziki. Nikaenda kulala nikalala.

Mimi ni mtu wa kuhesabu, nikadhani nimebahatisha. Kesho yake nikadownlodi ule muziki kabisa, nikaukata uishie dakika ya nane, nikarudia. Moyo wakati muziki unacheza unashuka kidogo, muziki ukikatika unashuka zaidi. Siku nyingine haushuki, hasa nikiwa nimekunywa kahawa jioni au nimetoka kuongea na fundi. Ila siku nyingi unashuka.

Halafu nikaanza kusoma, na ndo nikakutana na Luciano Bernardi, daktari wa Italia, Chuo Kikuu cha Pavia. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa utafiti wa watu 24, nusu wanamuziki nusu sio, waliosikilizishwa miziki ya aina tofauti huku wanapimwa moyo, presha, pumzi. Kilichoamua zaidi mwili ufanyeje kilikuwa mwendo wa muziki, wa haraka unakuamsha, wa polepole unakutuliza, na ilihesabika zaidi kuliko aina ya muziki. Lakini walikuwa wamechomeka kitu katikati ya miziki, kimya cha dakika mbili. Na kwenye kile kimya ndo moyo, presha na upumuaji vilishuka hadi chini ya pale vilipokuwa kabla muziki haujaanza. Chini ya mwanzo! Nilisoma hiyo sentensi nimesimama dukani, mteja ananyoosha cheti cha kuzaliwa, "kaka, kopi mbili", namwambia subiri kidogo dada.

Nilivyoelewa mimi, na mimi ni mtu wa fotokopi sio daktari, ni kwamba muziki unaukamata mwili, unaufanya ushike kitu, ufuatilie, usubiri noti inayokuja. Ukiuachia ghafla, mwili unashuka kwa kishindo kidogo cha raha. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani ukaitua, shingo inakuwa nyepesi kuliko kabla hujaibeba. Bila ndoo hupati ule wepesi. Ndo maana mimi kukaa kimya tangu mwanzo kulinishinda, nilikuwa sijabeba kitu cha kutua.

Kwenye kumtafuta huyohuyo Bernardi nikakuta ana kazi nyingine ya nyuma, 2001, ilitoka kwenye jarida la madaktari la Uingereza, na hii ndo iliyonipandisha daladala ya Kibosho. Walichukua watu 23, wakawasalisha rozari, Salamu Maria ile ya Kilatini, na wakawapa pia mantra, maneno ya kurudiarudia, ya wale wa yoga. Vyote viwili, vya dini mbili zisizojuana, vilipunguza pumzi hadi kama sita kwa dakika, wakati wakipumua kawaida walikuwa kama 14. Na sita kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde kumi, inagongana na mwendo ambao presha ya damu yenyewe hupanda na kushuka mwilini. Kuna vihisio kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani, presha ikipanda vinautuma moyo upunguze, ikishuka vinautuma uongeze, na huo mzunguko unachukua sekunde kama kumi. Ukipumua kwa mwendo huohuo, vyote vinakwenda pamoja, kama unamsukuma mtoto kwenye bembea wakati anapoondoka sio wakati anaporudi.

Sasa mimi mama yangu ni wa Kibosho, wakatoliki wa kufa na kuzikana, baba ni wa Machame, KKKT, Walutheri, nikalelewa upande wa baba. Rozari naijua kwa kuisikia kwa bibi likizo, nikiwa nimelala na kusinzia. Jumamosi nikapanda. Oktoba, mwezi wa rozari, jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, jioni ile zamu ilikuwa kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umekonda. Umeleta nini?"

Nimeleta sukari, mkate, na saa yenye mshale wa sekunde. Hiyo ya mwisho sikumwambia.

Wakakaa kama watu kumi na mbili, kwenye makochi yale yenye vitambaa vya kufuma, watoto chini, taa moja. Bibi ndo anaongoza. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." anaenda mpaka "amebarikiwa", anaishia hapo, pumzi imemwisha kabisa, na wote wanapokea kwa pamoja "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu...", na wakati wanapokea, bibi anavuta pumzi. Niliuangalia mtandio wake kifuani. Unapanda wakati wao wanasema, unashuka wakati yeye anasema. Anavuta mara moja kwa kila Salamu. Nikapima kumi za kwanza, dakika moja na sekunde 50, yaani sekunde 11 kila moja. Kumi za pili karibu vilevile. Bibi ana miaka 81, hajui saa inasomaje sekunde, na anaendesha mwendo wa wale wa Pavia kwa tofauti ya sekunde moja.

Tena sio kusema kavu, wanaimba. Ukiwa ndani yake unadhani wanaongea, lakini mimi nilikuwa nje naangalia saa, na ukisikiliza kutokea nje kuna tuni kabisa, noti tatu, inapanda kwenye "neema", inashuka kwenye "nawe", na wale wanaopokea wanaanzia chini kidogo. Hakuna mtu aliyewafundisha hiyo tuni. Na maneno, yale niliyolalamika juu kwamba hayaniachi, hapa yamesemwa mara hamsini mpaka yameisha makali, hayasomeki tena, yamebaki sauti. Kwa hiyo nifute kidogo nilichosema. Neno jipya ndo linasumbua. Neno lililosuguliwa halina shida.

Baadae nikamuuliza, bibi, mbona hamuendi haraka mkamaliza mapema? Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini mtori unakorogwa.

"Ukienda haraka watu wanakosa pumzi, wazee wanaachwa nyuma. Ukienda polepole sana watoto wanalala. Unasikiliza watu, baba."

Shangazi wa upande wa baba aliposikia kuhusu mimi na kukaa sakafuni nimefumba macho alinipigia simu. Hajaipenda. Hayo mambo ya Kihindi, utafungua mlango usioweza kuufunga, na hiyo ilimba ni ya matambiko. Sikubishana nae, shangazi habishiwi, nilisema "nimesikia shangazi" mara kama nane kwa mwendo wa taratibu na niliona hata hiyo ilinituliza kiasi. Ila ukweli wa kuchekesha ni kwamba upande wa pili nao hawaupendi muziki wangu. Wabuddha wanaoshika zile amri nane, mojawapo inakataza kabisa nyimbo, dansi na muziki. Na kwenye kozi za meditesheni ya vipassana za siku kumi, zile za kukaa kimya, huingii na muziki, simu unaiacha mlangoni. Hoja yao ni kwamba muziki unakupa raha ya kukopa, ukiuzima raha inaondoka, hujajifunza kukaa na kichwa chako. Kwangu mimi hoja hiyo ni ya kweli, kwa mtu anayeweka masaa nane na kulala nao masikioni kama nilivyokuwa nafanya. Mimi mikopo naijua. Lakini muziki ninaoukata mwenyewe dakika ya nane siuoni kama mkopo, ni kama kumsindikiza mgeni, unafika nae mpaka njia panda halafu unarudi.

Saivi nafanyaje. Hedifoni nimeacha, nilikuwa nazisikia kama mtu yuko ndani ya fuvu, natumia kaspika kadogo nakaweka upande wa pili wa chumba, sauti chini kiasi kwamba mvua ikinyesha siusikii. Faili iko kwenye simu, simu iko hali ya ndege, mkeka wa leo hakuna. Dakika nane ilimba, natoa pumzi taratibu kuliko ninavyovuta, maana ukivuta moyo unaongeza mwendo kidogo na ukitoa unapunguza, hiyo weka tu vidole mkononi utaisikia mwenyewe. Muziki unakatika, sio kufifia, nilijaribu kuufanya ufifie taratibu mwishoni na ikawa mbaya, nilikuwa naukimbiza kwa masikio mpaka mwisho. Ukatike. Halafu nakaa. Kuna siku nakaa dakika mbili, kuna siku kumi na tano. Presha mara ya mwisho 132 kwa 84, na siwezi kujua dawa imefanya ngapi na ilimba ngapi na ngapi imefanywa na kuiuza ile mashine, maana niliiuza, kwa hasara, nikalala siku hiyo kama mtoto.

Siku ambayo bado naifikiria ni Alhamisi iliyopita. Nilichelewa, nikakaa saa moja jioni badala ya usiku, nikasahau kabisa kwamba Alhamisi nyumba ya tatu kutoka kwetu wanafanya mazoezi ya kwaya. Ilimba ikakatika, kimya, nikawa ndo nakishika kile kimya, sopranu hao. Wimbo mpya, hawaujui. Wanaenda mistari miwili vizuri, mstari wa tatu alto wanakosea, mwalimu anagonga meza, ta ta ta, wananyamaza. Anawaimbia sauti yao, peke yake, kwa sol-fa. Wanarudia. Wanakosea palepale. Ta ta ta. Kimya.

Nilitaka kunyanyuka nifunge dirisha. Halafu nikaona kwamba kila akigonga ile meza, pumzi yangu inatoka yote. Basi nikabaki. Wakarudia, sijui mara ngapi, bodaboda zinapita, mtu anakaanga vitunguu, besi wamechoka wanaingia kabla ya zamu, alto wanapanda, wanakosea, ta ta ta, kimya, na koo langu wala halikushuka kutafuta besi. Mke wangu akaja mlangoni akawasha taa, akaniona, akaizima.

Mara ya mwisho wakapita. Mwalimu hakugonga.